Wiki tatu za The Hague na jalada la mirathi

Mama aliposikia kwamba ninapanga kwenda Uholanzi kusoma sheria katika "majira ya joto", aliniuliza kama joto la huko ni la Unguja mwezi wa Februari au ni afadhali kidogo. Nilimweleza kwamba mwezi Agosti mjini The Hague mchana huwa na nyuzijoto 20 na kitu, na kwamba upepo wa Bahari ya Kaskazini humfanya mtu avae sweta hata jua likiwa limewaka. "Basi hicho ni kipupwe, mwanangu," akasema, "wamekibadilisha jina tu." Nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba ugumu wote wa mpango wangu umo katika jambo hilo. Kwa wanafunzi wa Ulaya, kozi za aina hii huja wakati vyuo vimefungwa na watu wako likizo, ilhali kwetu Julai na Agosti ni katikati ya mwaka wa kazi: mahakama ziko wazi, mashauri yanatajwa, wateja wanapiga simu, na mtu anayeomba kuondoka kwa wiki tatu hana msimu wa kusingizia.

Kozi ninayoizungumzia ni ya Akademia ya Sheria ya Kimataifa ya The Hague, iliyoanzishwa mwaka 1923 kwa msaada wa taasisi ya Carnegie, na ambayo hadi leo hufundisha katika viwanja vya Kasri la Amani, lile jengo la matofali lenye mnara wa saa tunaloliona kwenye taarifa ya habari kila Mahakama ya Kimataifa ya Haki inapotoa uamuzi. Kozi za majira ya joto zina vipindi viwili vya wiki tatu tatu. Kile cha Julai ni cha sheria ya kimataifa ya umma, yaani mambo ya dola na dola, mipaka, mikataba na vita. Kinachofuata, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi katikati ya Agosti, ni cha sheria ya kimataifa ya binafsi, ambayo hushughulika na watu wa kawaida ambao maisha yao yamevuka mpaka: mume yuko huku na mke yuko kule, mkataba umesainiwa Dubai na mzigo umepotelea Mombasa. Asubuhi kuna mihadhara na alasiri kuna semina, kwa Kiingereza au Kifaransa, na wakalimani hutafsiri papo hapo. Mhadhiri mmoja hupewa kozi kuu inayoutazama uwanja mzima, na wengine hupewa mada finyu, kila mmoja kwa siku chache.

Wenzangu niliosoma nao Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hawanielewi kwa nini nimeiacha Julai. Nakiri kwamba hata mimi ilinivuta. Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuisoma hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 baina ya Somalia na Kenya, kuhusu mpaka wao wa baharini, akabaki hivi hivi; shauri lile lilifunguliwa mwaka 2014, Kenya ikasusia usikilizwaji wa Machi 2021, na mwishowe majaji wakachora mstari ambao haukuwa ule wa Kenya wala haukuwa ule wa Somalia kwa ukamilifu wake. Wala si jambo dogo kusoma hatua chache tu kutoka kwenye ukumbi ambamo Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuketi miongoni mwa majaji 15 wa mahakama hiyo. Wakili mwenzangu wa Bukavu, Kongo, ambaye tunasoma pamoja kwa njia ya WhatsApp, yeye ameichagua Julai bila kusita, na ana haki. Swali lake ni moja na amelibeba kwa miaka: mahakama hiyo ilipoiamuru Uganda, tarehe 9 Februari 2022, iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na milioni 225 kati ya hizo zikawa ni kwa ajili ya watu waliouawa na walioumizwa, je, mjane wa Kisangani anaifikiaje sehemu yake, ikiwa mlipwaji kisheria ni dola? Mtu mwenye swali kama hilo wiki tatu zitamtosha, kwa sababu kila mhadhara atausikiliza akilitafuta jibu lake.

Mimi swali langu limo katika jalada la kijani lililoko upande wa kushoto wa meza yangu. Nitalieleza kwa kubadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulikane. Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, akahamia Muscat mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa kijana, akafanya kazi, akaoa, akajenga. Hakuvunja uhusiano na nyumbani: alinunua nyumba Unguja na baadaye kiwanja Kigamboni. Miezi minane kabla ya kufa alirejea Wete, watoto wengine wakisema alikuja kutibiwa kwa dawa za kienyeji kisha arudi Muscat, wengine wakisema alikuja kupumzika kwao moja kwa moja. Ameacha fedha benki huko Muscat, watoto wa mama wawili, na binti mmoja anayeishi Rotterdam. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba baba yao alikuwa Mwislamu na mirathi igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Mtu asiye mwanasheria hudhani kwamba mambo yameishia hapo.

Hayajaisha, kwa sababu kabla ya kuuliza nani anapata theluthi na nani anapata thumni, mwanasheria lazima aulize mahakama ipi ina mamlaka na sheria ya nchi ipi ndiyo inayotumika, na ndani ya Tanzania peke yake kuna mifumo miwili, wa Bara na wa Zanzibar. Kanuni tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza inasema kwamba mali isiyohamishika hufuata sheria ya mahali ilipo, na mali inayohamishika hufuata sheria ya makazi ya kudumu ya marehemu. Nyumba ya Unguja na kiwanja cha Kigamboni, basi, vina majibu yake. Fedha za Muscat ndizo zinazosumbua, maana jibu lake linategemea makazi, na neno hilo ndilo lililonikwamisha mbele ya wateja wangu.

Nilipomweleza mtoto mkubwa wa marehemu kwamba tunapaswa kuthibitisha makazi ya baba yake yalikuwa wapi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Wakili, baba kwao Pemba. Kila mtu anajua." Nikamwambia kwamba aliishi Muscat miaka karibu hamsini. "Aliishi, ndiyo. Lakini kwao Pemba." Tuliendelea hivyo kwa muda, na kadiri nilivyojaribu kufafanua ndivyo nilivyogundua kwamba Kiswahili changu cha ofisini kina neno moja, makazi, kwa mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha: mahali mtu analala leo, mahali maisha yake yalipo kwa kawaida, na mahali ambapo sheria inamhesabu kuwa ni pake hata akiwa safarini. Wakati huohuo Kiswahili cha nyumbani kina neno kwao, ambalo halina haja ya anwani. Cha ajabu ni kwamba sheria ya Kiingereza nayo, katika shauri la Udny dhidi ya Udny la mwaka 1869, ilifika karibu kabisa na huyu bwana wa Pemba: mtu akiyaacha makazi aliyojichagulia bila kuchagua mengine, yale ya asili aliyozaliwa nayo hurudi yenyewe. Kwa hiyo, je, marehemu alipopanda ndege kurudi Wete alikuwa ameiacha Muscat, au alikuwa mgonjwa tu aliyesafiri? Na kama binti wa Rotterdam atalipeleka jambo hili kwa mwanasheria wa Uholanzi, huko wataanza na kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika kwa vifo vya tangu tarehe 17 Agosti 2015, ambayo haiulizi asili ya mtu bali mahali alipokuwa akiishi kwa kawaida. Marehemu ni huyohuyo mmoja, na kila mlango utakaobishwa utatoa jibu lake.

Kuna na upande wa karatasi, ambao vitabuni hupewa kurasa chache lakini ofisini hula miezi. Hati yetu ya usimamizi wa mirathi ilipotakiwa Muscat ilibidi ithibitishwe hapa, ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje ikagongwe muhuri, kisha ubalozini ikagongwe mwingine, na kila dirisha likawa linathibitisha sahihi ya dirisha lililotangulia bila yeyote kuisoma hati yenyewe. Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 ulitungwa kuuondoa msururu huo na kuweka cheti kimoja mahali pa mihuri yote, ila haufanyi kazi mpaka nchi zote mbili ziwe zimejiunga. Oman ilijiunga na ukaanza kutumika kwake mwaka 2012, Burundi mwaka 2015, Rwanda mwaka 2024; hati yetu ilipopita madirisha hayo, Tanzania ilikuwa bado. Mkutano uliozaa mkataba huo, ambao siku hizi ni taasisi kamili yenye makao The Hague, ulikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1893 kwa juhudi za Mholanzi Tobias Asser, aliyetunukiwa Nobel ya Amani mwaka 1911. Huwa napenda kukumbuka kwamba kuna mtu aliyepewa Nobel ya Amani kwa kuhangaikia mambo ya namna hii.

Hiyo ndiyo sababu ya Agosti. Nimesoma maandishi ya watu wengi wanaoshauri namna ya kuchagua kozi ya nje, na wengi huanza na mji, hali ya hewa na picha utakazopiga. Maoni yangu ni kwamba wiki tatu ni fupi mno kwa mtu kwenda kutafuta la kusoma. Anayesafiri bila swali atarudi na cheti cha kuhudhuria na fulana.

Swali peke yake, hata hivyo, halipandi ndege. Mwaka jana nilikuwa nalo hilohilo na sikwenda, na kosa lilikuwa langu. Nilipata nafasi ya kozi nikafurahi, nikajishughulisha na orodha ya vitabu, na mambo ya viza nikayaacha mpaka mwisho wa Mei kwa kudhani kwamba siku 15 zinazotajwa kuwa muda wa kawaida wa kushughulikia ombi zinahesabiwa tangu siku mtu anapoamua kuomba. Zinahesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, na ili lipokelewe lazima upate miadi, na miadi iliyokuwepo ilikuwa ya tarehe ambayo kozi ingekuwa imeshafika nusu. Isitoshe, siku hizo 15 zinaweza kurefuka hadi 45. Sheria inaruhusu kuomba viza ya Schengen, yaani ile ya kuingia Uholanzi na nchi jirani zake za Ulaya, hadi miezi sita kabla ya safari. Safari hii nimeanza na kalenda, nikarudi nyuma kutoka Agosti, nikaiandika Machi kwa wino mwekundu. Pasipoti yangu ina kurasa na muda wa kutosha, kwa hiyo angalau zile shilingi 150,000 za ada ya pasipoti sitazitoa tena. Bima ya safari lazima igharimie matibabu hadi euro 30,000 kwa uchache, na ada ya viza yenyewe ni euro 90, ambazo hazirudi hata ukikataliwa.

Fedha zilinifundisha jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Ofisini tunacheza mchezo wanawake kumi, kila mmoja shilingi 200,000 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa Mei. Kwa hesabu ya nyumbani hiyo ilikuwa bahati, kwa kuwa milioni mbili zingeingia karibu na siku ya kununua tiketi. Kwa macho ya ofisa wa viza, milioni mbili zinazoingia ghafla kwenye akaunti ya mtu ambaye mwezi uliopita alikuwa na laki tatu zinafanana na fedha za kuazima zilizowekwa ili zionekane kisha zirudishwe kwa mwenyewe. Utamwelezaje mchezo mtu ambaye hajawahi kuucheza? Nilikwenda kwa dada yetu mhasibu, ambaye ndiye kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, nikamweleza hali yangu. Yeye aliwaita wenzetu wakati wa chai, akawaambia kwamba mdogo wao ana safari ya masomo, na aliyekuwa na zamu ya Januari akakubali tubadilishane kwa sharti kwamba nimletee jibini la Kiholanzi. Fedha ziliingia tarehe 3, nikaandika katika karatasi ya maelezo chanzo chake kwa sentensi mbili zilizonyooka, na nimeiachia akaunti ipumue, mshahara ukiingia na kodi ya nyumba ikitoka kama kawaida, ili taarifa ya benki ya miezi hiyo imwonyeshe mtu jinsi alivyo. Nimeomba pia ufadhili, lakini bajeti nimeipanga kana kwamba haupo.

Suala la kazi lilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo ya mwaka, na wiki tatu pamoja na siku za safari zinaingia humo na kubaki siku mbili tatu za kufua nguo. Tungekuwa Kenya ningepata nafuu zaidi, maana Mahakama Kuu yao ina mapumziko yanayoanza tarehe 1 Agosti. Likizo ya mahakama zetu ni ya Desemba na Januari. Niliingia kwa Mzee, wakili mwandamizi wetu, asubuhi kabla hajazingirwa na wateja. "Shikamoo Mzee." "Marahaba binti, keti." Akaisoma barua yangu yote, na barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa muda wa mtu anayesoma kurasa tano. Kisha akauliza kama nitarudi na jibu la Muscat. Nikamwambia nitarudi na maswali yaliyopangwa vizuri zaidi. Akatia sahihi, na akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba ofisi inanitegemea kuwa kazini Agosti ikiisha, sentensi ambayo kwa ubalozi ina thamani kuliko sifa zote nilizojipa.

Kusoma nimeanza sasa, nikijua kwamba huko hakutakuwa na muda wa kuanza alifu. Kila Jumapili baada ya Adhuhuri nasoma sura moja ya mgongano wa sheria, jina jingine la sheria ya kimataifa ya binafsi, na kuandika katika daftari, kwa Kiswahili, nilichokielewa. Nisichoweza kukiandika kwa Kiswahili nakihesabu kuwa sijakielewa. Kifaransa sina, na mwenzangu wa Bukavu anacheka kwamba nitawasikiliza nusu ya wahadhiri kwa sauti ya mkalimani. Maktaba ya Kasri la Amani ni miongoni mwa maktaba kubwa za sheria ya kimataifa duniani, kwa hiyo nimetenga alasiri nne zisizo na semina nikae humo na vitabu vya sheria ya mirathi ya Oman, ambavyo hapa Dar es Salaam nimevitafuta nikachoka.

Mambo ya kuishi huko nayapita haraka. Chumba nimekitafuta mapema kwa sababu The Hague ina ufukwe, Scheveningen, na wakati wa Agosti wapangaji wa likizo hupandisha bei. Tramu namba 1 inaunganisha ufukwe huo na Kasri la Amani, na hiyo inanitosha. Sala ndiyo iliyonibidi nikae na ratiba: mwanzoni mwa Agosti jua la huko hutua karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo Isha itakuwa karibu na saa sita, na mhadhara wa asubuhi hautanisubiri. Mama alikuwa ameshatenga chupa mbili za samli ya Pemba. Ilinibidi nimweleze kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni ya maziwa. Alitafakari, akauliza, "Na dagaa?" Dagaa wanaruhusiwa. Sasa wanakaushwa.

Limebaki moja. Wiki iliyopita karani wa mahakama alitupangia tarehe ya kutajwa kwa jalada la kijani, na tarehe hiyo imeangukia wiki ya pili ya kozi yangu. Nilirudi ofisini nikiwa nimeshatunga maneno ya kuomba ihamishwe, lakini Mzee aliichukua ile hati ya wito, akaibandika ukutani nyuma ya kiti chake na kusema atakwenda mwenyewe, mradi nimwachie jalada limepangwa kwa tarehe, kuanzia tiketi ya marehemu ya kurudi Wete hadi barua ya mwisho ya benki ya Muscat. Tiketi hiyo bado hatujaiona. Binti wa Rotterdam anasema iko kwake, ndani ya Kurani ya baba yake, na kwamba ilikuwa ya kwenda na kurudi.